Rudisha ya Zamani, Chukua Mpya

Baba Kendi,

Umetoka. Ule mdomo wa mashine uliokukosesha usingizi mpaka siku zako za mwisho umekaguliwa, umeidhinishwa, umepigwa muhuri, na leo asubuhi nimegawa mchoro wake karakana nzima. Nakuandikia kabla sijavua koti la kazi, maana nikifika nyumbani nitaanza kulia na sitaandika chochote cha maana. Ni kilio cha kushusha pumzi, usijali.

Uliniacha pabaya, Mzee, wacha nikuambie. Uliondoka ombi la kubadilisha mchoro wa mdomo likiwa nusu njia: umelichora, umelisaini, umelipeleka likaguliwe, halafu ukaenda zako. Tangu yule mama wa Mitunguu aje kutuonyesha vidole vilivyokatwa na mashine yetu ya kukatia ng'ombe majani, hukutaka kusikia habari nyingine. Ukachora mdomo mrefu, uliofunikwa juu, ili mkono wa anayelisha mashine usivifikie visu. Ukasimamisha hata zile mashine zilizoagizwa na kikundi cha akina mama wa Ishiara, zisiundwe mpaka mdomo huo uidhinishwe.

Siku ya kukagua nilidhani watabishana kama kawaida. Wapi. Unakumbuka walivyokuwa wakikusulubisha kwa ajili ya bolti moja? Safari hii mchoro ulizunguka meza kimya, kila mtu akitazama jina lako pale kwenye kona na kuchukua kalamu. Njeru, fundi wetu wa kuchomelea, ambaye hajawahi kupokea mchoro wako bila kununa, alisema, "Hii ni ya Mzee. Wacha tusaini tu." Meneja naye akavua kofia. Ilikuwa heshima ya matanga, Baba Kendi, haikuwa ukaguzi.

Karatasi ilipofika kwangu, mkono ulikataa. Nilisema tuujaribu kwanza kwa vigogo vya migomba, ambavyo watu wa Mitunguu hulishia ng'ombe, kwa sababu wewe uliujaribu kwa majani ya napia peke yake. Ugonjwa haukukupa nafasi ya kushuka huko. Meneja aliniangalia juu ya miwani. "Gatwiri, sasa unampinga marehemu?"

Hilo lilinichoma. Chai ikaletwa. Halafu nikakumbuka ulivyoniambia nilipoanza kazi, wakati bado nakuogopa hata ukikohoa: "Mwari, binti yangu, ukiletewa mchoro wangu, ukague kama wa mtu usiyempenda." Nikawaambia hivyo hivyo. Njeru akarudisha kalamu mfukoni, akasema, "Huyo ni yeye kabisa."

Tukashuka Mitunguu na mashine moja ya majaribio. Napia ilipita vizuri, nikaanza hata kujiona mjinga. Kigogo cha mgomba kilipoingia, kikakwama katikati, kimevimba maji, hakiendi mbele wala hakirudi. Mwenye shamba, mtu mpole wa watu, hakuzima injini. Alitoa spana mfukoni akaanza kufungua bolti za mdomo wako. "Hii inanichelewesha," akasema. "Naitoa, nitasukuma tu na mkono."

Nilipiga kelele izimwe. Nikakaa palepale juu ya majani. Kama tungesaini siku ile, mashine zingefika kwa watu na mdomo mzuri wenye jina lako, wiki ya kwanza ungetupwa nyuma ya zizi, na mikono ingerudi palepale kwenye visu. Njia nzima ya kurudi Meru nilikukasirikia. Si kwa sababu ulikosea. Hukuwepo nikuulize nichore nini.

Njeru ndiye aliyenitoa hapo. Aliniambia kwao Ishiara mabua ya mtama yakikauka hujikunja, nayo yangekwama vilevile, kwa hivyo tuupanue mdomo kule mbele na tuuinamishe kuelekea visu. Nusura niufupishe pia. Nikapima mkono wangu, nikapima wa Njeru, ambao unaujua ulivyo mrefu kama ufagio wa dari, nikaona urefu uliouchora wewe ndio unaookoa vidole. Haujaguswa. Mchoro uliotoka leo ni mpana na umeinama, lakini urefu ni wako.

Ukaguzi wa pili ungekufurahisha. Walibishana mpaka chai ikapoa. Njeru alinuna, meneja alipiga meza, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikiona raha kama mtu aliyerudi kwao. Hakuna aliyevua kofia. Tulipoujaribu tena Mitunguu, yule mwenye shamba alikata migomba yake yote na spana ikabaki mfukoni.

Leo basi nikagawa mchoro kama ulivyonifundisha, meza kwa meza: rudisha ya zamani, chukua mpya, hakuna kuficha karatasi chini ya droo. Hawajasahau ulivyomngoja Njeru nje ya choo ukimdai mchoro mkuukuu. Walirudisha zote. Nakala moja tu ilikosekana, ile uliyopeleka nyumbani ulipoanza kulala kitandani. Mchana nikaenda kwako Kaaga kuichukua.

Nilimkuta Mama Kendi nyuma ya nyumba akikata napia kwa panga, mashine yenu iko kando, imefunikwa gunia. Nikamuuliza kama imeharibika.

"Iko sawa," akasema. "Baba Kendi aliniapisha nisiiguse mpaka mdomo mpya utoke. Nikamwambia, si utuletee mmoja tu wa hapa nyumbani? Akakataa, ati haujaidhinishwa."

Alisema kwa hasira na kucheka pamoja. Viganja vyake vimeota sugu, Mzee. Miezi yote hii, tukibishana mezani, mke wako alikuwa anangoja muhuri wetu na panga mkononi.

Nilirudi karakanani nikamwambia Njeru. Alibeba mdomo wa kwanza alioutengeneza leo, rangi bado inanata, tukaupeleka Kaaga na kuufunga. Mama Kendi akawasha injini mwenyewe. Akalisha napia, kisha akaenda nyuma ya jikoni akaangusha mgomba, akaupasua, akaulisha nao. Ulipita wote. Alizima, akaitazama mikono yake pande zote mbili, akaingia ndani.

Alitoka na mchoro wako, ule uliokuwa umeubandika ukutani juu ya kitanda. Nilikuwa nimeshaamua nisimdai. Akaninyooshea kwa mkono mmoja, na mwingine akaufungua, akingoja.

"Rudisha ya zamani, chukua mpya," akasema. "Unafikiri ni nyinyi pekee aliowafundisha?"

Nikampa mpya. Wako nimeurudisha ofisini, nimeupiga muhuri wa kufutwa kama mingine yote, na safari hii mkono haukukataa.

Kesho Njeru anaanza mashine za Ishiara. Nakuahidi hakuna itakayotoka hapa na mdomo wa zamani, na mchoro wowote wenye jina langu nitawaambia waukague kama wa mtu wasiyempenda. Pumzika sasa, mwalimu wangu. Ng'ombe wako wamekula mapema leo.

Wako,
Gatwiri