Kiapo cha Gerishon

Daisy, siamini! Gerishon wangu ameapia mwanamke mwingine, na shahidi nilikuwa mimi!

Si unajua hii restorani ya The Pearl hunivalisha suti ya chuma, na kofia ya kufunika uso, kama knight wa hadithi za kale? Ameingia na dem, akapiga goti, akaomba nimguse bega na upanga, vile knight huapishwa. Hakujua ni mimi.

Eti "Naapa kulinda mwanamke mmoja na kutomdanganya kamwe." Mwanamke MMOJA! Kiapo kile kile alinisomea kwa kitabu chake cha hadithi za knight akinikatia.

Nikamwekea upanga begani. Halafu nikafungua kofia.

Dem alikuwa anarekodi kiapo, na aliposikia mimi ndiye dem wake, amenitumia video yote.

Ijumaa Gerishon anafundisha vijana kanisani uaminifu wa knight. Na projekta ni mimi huendesha.