Sehemu ya Nne

Muncie, Indiana
30 Oktoba 1996

Dada Noreen,

Mama hajambo, na paa la gereji limeshazibwa.

Jumamosi mashabiki tulitazama mfululizo mzima wa filamu za "Muuaji wa Ghalani". Unajua desturi yetu: ikianza sehemu ya nne, uliyoiongoza wewe, ukumbi mzima hutoka kwenda kula soseji.

"Verlin, unabaki na huo msiba?" Duane aliniuliza.

"Nani, mimi? Kwani nimerogwa?"

Nikacheka, nikatoka nao. Sikujua kwamba umekuja mjini. Mlangoni niligeuka nikakuona umekaa peke yako, nawe ukaniona.

Shajara yangu ya tarehe 9 Juni 1989 inasema niliitazama filamu yako mara mbili, na mara zote mbili nililia. Kati ya filamu zote saba, ni hiyo tu inayowazika waliouawa, na muuaji anasimama nje ya uzio akisikiliza majina yao yakisomwa. Nimelijua hilo miaka saba, nikanyamaza nisichekwe.

Jana nilimwambia Duane hivyo mbele ya wenzake. Walinizomea, nami sikurudi nyuma. Lakini jana hukuwepo, dada, na Jumamosi ulikuwepo.

Nduguyo mwenye aibu,
Verlin