Karamu Yenye Wino

Jumatatu, 2 Septemba 1957
Shule imefunguliwa. Darasa la nne watoto ishirini na wanane, madawati kumi. Sala, hesabu, kisha sentensi ubaoni. Karamu mpya niliyonunua Thika inavuja. Naitumia hivyo hivyo. Hapa Mugutha nyumbani ni Kikuyu tu, kwa hiyo shajara naiandika kwa Kiswahili ili mkono usisahau. Mimi mwenyewe nilisoma miaka sita, na huu ni mwaka wa kumi na mbili nafundisha hapa.

Mwaka jana hakuna hata mmoja wangu aliyepita mtihani wa darasa la nne. Hesabu walipata. Kiswahili kiliwaangusha. Mwaka juzi vilevile. Asiyepita anaishia kuchuma kahawa ya mzungu. Mwaka huu nina Wambui, hodari kuliko wote niliowahi kufundisha. Mtihani ni Novemba. Naogopa.

Alhamisi, 5 Septemba
Mwalimu Hezekia, mkuu wetu, amepata barua. Mkaguzi anakuja Jumanne. Si Mzee Yakobo, msimamizi wa misheni tuliyemzoea. Yakobo ni wa huku huku. Anakunywa chai, anasikiliza wimbo mmoja, anaandika "Kazi safi". Huyu ametumwa na serikali, hana ndugu wala rafiki huku. Mtu wa Pwani, Bwana Kombo.

Hezekia ametuamuru tupake chokaa mawe ya njiani. Tumepaka.

Jumatatu, 9 Septemba
Mawe meupe. Watoto wanajua kusimama pamoja. Nimeomba. Sikuwaombea watoto, nilijiombea mimi. Naandika kwa kuwa ni kweli.

Jumanne, 10 Septemba
Alikuja kwa baiskeli kutoka stesheni ya Ruiru. Mwembamba, miwani. Alikataa chai mpaka kazi iishe. Hezekia akabaki na birika mkononi.

Mawe hakuyatazama. Alisoma sentensi moja, watoto waandike. Akapita dawati kwa dawati, mikono nyuma. Kisha akamsimamisha Wambui asome alichoandika.

"Karamu iko mezani."

"Hiyo karamu ina nini ndani?"

"Wino, Bwana."

"Na siku nikikualika karamu kwangu, utapata nini?"

Wambui akafikiri. "Wino, Bwana. Na karatasi, ukipenda."

Hezekia alicheka. Mkaguzi hakucheka. Alichukua kitabu cha kusoma mezani kwangu. Tunavyo vinne. Kila palipochapwa kalamu, mimi nilikuwa nimefuta l kwa wino mwekundu nikatia r. Vitabu vyote vinne. Akauliza nani amefanya hivi. Nikasimama.

Nilimwambia nilidhani ni kosa la wachapaji. Katika Maandiko neno hili liko kwa r, nimelisoma kwa macho yangu, habari za arusi.

"Mama, hiyo ni ya kula," akasema taratibu. "Ya kuandikia ni nyingine."

"Kumbe ni mbili!" Wambui huyo, kwa sauti.

Nilikuwa nadhani ni neno moja lenye kazi mbili, kama paa la nyumba na paa wa porini. Mkaguzi alinitamkia yote mawili. Akarudia. Nilitazama midomo yake. Sikusikia tofauti yoyote.

Masikio yalinichoma mpaka jioni.

Jumatano, 11 Septemba
Nimepitia madaftari ya mwaka mzima. Kura mahali pa kula. Kurara. Mwarimu. Yote nimeyawekea alama ya sawa. Kisha nikafungua shajara hii, tarehe mbili. Nalo limo.

Kitabu kiliwaambia kweli. Mimi nikakifuta.

Ijumaa, 13 Septemba
Ripoti imefika, Hezekia amenisomea. Watoto wana akili nzuri. Kosa si lao. Vitabu viletwe vipya. Mwalimu wa darasa la nne apelekwe mafunzo Thika, majuma mawili.

Hezekia amekasirika. Ameandika barua: mkaguzi huyu anadharau watu wa bara, tunaomba Mzee Yakobo arudie kazi hiyo. Yakobo amekwisha kukubali. Imebaki sahihi yangu, maana darasa ni langu.

"Mama Njoki," ameniambia, "ukiikubali ripoti hii, wazazi watasema tumekula miaka kumi na miwili ya watoto wao." Tena akasema mwalimu anayepelekwa mafunzo huenda asirudishwe darasani.

Nina mpaka Jumatatu. Nina darasa hili tu. Mume alishatangulia, Njoki ameolewa mbali.

Jumapili, 15 Septemba
Kanisani mhubiri alikuwa mrefu wa maneno. Nikawa nafunua zaburi kivyangu. Ipo moja inayofananisha ulimi na chombo cha mwandishi. Naijua kwa moyo tangu nibatizwe, huisema kwa r. Leo nimeweka kidole chini ya neno.

Ni l.

Limekuwapo siku zote. Sikusikia mahubiri yaliyobaki.

Jumatatu, 16 Septemba
Sikutia sahihi.

Hezekia aliuliza mara mbili. Nikamwambia Mzee Yakobo ni mtu mwema, lakini ana masikio kama yetu. Aje asikie nini?

"Utafukuzwa, wewe mama."

"Pengine."

Akaitia barua kwenye saraka. Hatujasemezana tena.

Darasani niliwaambia watoto kwamba nimewafundisha vibaya. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu, si Hezekia. Kisha Wambui akainua mkono. "Basi turudi mwanzo, Mwalimu?" Tukarudi, ukurasa wa kwanza. Nikafuta r zangu kwa kisu, taratibu, karatasi isitoboke. Mahali pengine ilitoboka.

Jumamosi, 28 Septemba
Thika. Juma la kwanza la mafunzo limekwisha. Tuko walimu kumi na wanne, watu wazima, kila mmoja na kioo kidogo. Tunatazama ndimi zetu. L, ulimi unakaa nyuma ya meno, unatulia. R, unatikisika. Siku tatu sikusikia kitu. Ya nne nilisikia. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha.

Dukani kwa Mhindi nimeomba kalamu. Alinipa bila kuinua kichwa. Ile ya kwanza nimeitupa.

Hezekia ndiye anayeshika darasa langu. Wambui ameniandikia: "Mwalimu Hezekia anasema karamu. Sisi tunaandika kalamu. Hatumwambii." Nimecheka peke yangu barabarani. Kisha nikaona haifai. Nimemjibu kwamba wamwambie, kwa heshima.

Ijumaa, 20 Desemba
Matokeo yamekuja. Tisa wamepita. Wambui yumo. Kumi na tisa hawamo, nao nawajua kwa majina. Wameandika hivyo tangu darasa la kwanza; majuma machache tangu nirudishwe darasani hayakutosha kufuta. Nimekwenda kwa wazazi, nyumba kwa nyumba. Baba mmoja hakunikaribisha ndani. Nilisimama uani nikasema niliyokuja kusema.

Hezekia alisoma majina ya waliopita mbele ya shule. Polepole. Kwenye l alisimama kidogo, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Baadaye ofisini saraka yake ilikuwa wazi. Barua ile haimo; ameichana.

Bwana Kombo anarudi mwakani. Safari hii hatupaki chokaa.

Jioni nimeosha vyombo nikiimba. Nikajisikia. Hareruya. Miaka thelathini naimba hivyo, na Mungu anapokea tu.

Nimeweka sufuria chini. Nimejaribu tena, ulimi nyuma ya meno.