Mkanda wa Mama Yako

Mbalibali, Serengeti

Mwanangu Roshan,

Shikamoo yako ilinifikia kwenye simu, na marahaba yangu ndiyo hii. Watoto wameacha kukohoa? Mgongo wa mumeo je? Mimi nakula, nalala kidogo. Tembo wamemaliza mahindi ya jirani; ya kwetu wameyakanyaga tu.

Uliniuliza kama mama yako alizikwa na mkanda wake. Mtandao ukakatika, nami sikukupigia tena. Jibu naliandika hapa, uwasomee na watoto, kwa sababu wanasikia kwamba bibi yao alikuwa Mparsi bila kujua maana yake.

Wazee wetu walitoka Uajemi, wakakimbilia India na imani yao, na baadaye wengine wakavuka hadi Unguja. Mparsi hufungwa mkanda wa uzi wa manyoya ya kondoo akiwa mtoto. Unazunguka kiuno mara tatu, na haufunguliwi ila kwa kuoga na kwa sala. Akifa, anakwenda nao.

Mama alifariki asubuhi. Kukusubiri ufike kutoka Unguja hakukuwezekana, maana mazishi yetu hayapitishi machweo, na Mparsi hapa nimebaki peke yangu. Mama Bhoke, jirani yetu, aliwaleta wanawake wamwoshe. Nikaomba kwanza aletwe mbwa amtazame marehemu, kama ilivyo desturi yetu, kwani kwetu macho ya mbwa hufukuza uovu.

"Mwalimu, mbwa msibani sisi tunamfukuza, wewe unamkaribisha?"

"Mlete, Mama Bhoke. Nitakueleza baadaye."

"Kwa kueleza tu hujambo!"

Akamleta mbwa wake wa kuchungia mbuzi. Alimtazama mama, akalala chini kimya. Nikawaacha wanawake, nikaenda kupanga mawe ndani ya kaburi, kwani kwetu maiti haigusi udongo wenyewe. Udongo ni safi na tunauheshimu. Niliporudi, sanda ilikuwa imeshafungwa. Tukazika.

Kesho yake nikauona mkanda umeanikwa kwenye kamba ya nguo, umefuliwa, mweupe kabisa. Nikauanua, nikawauliza wanawake.

"Nani aliufungua?"

"Mimi," alisema Mama Bhoke. "Kwetu maiti hafungwi kamba, Mwalimu. Atatembeaje huko? Hata bangili tulimvua."

Sikuweza kumkasirikia. Alimfungua mama kwa upendo uleule ambao mimi ningemfunga nao. Wanaume walijitolea kufukua, nikakataa. Kumsumbua aliyelala niliona ni vibaya zaidi. Kwa hiyo jibu ni hapana, mwanangu. Mama yako alikwenda bila mkanda wake.

Siku ya nne nilipika dengu, maboga na nyama ya mbuzi, chakula chetu cha kumalizia matanga. Mama Bhoke alikula na ugali.

"Vyote sufuria moja? Nyie Wahindi!"

"Waajemi."

"Haya, Waajemi. Chumvi haijakolea."

Ni kweli. Mama asingeikosea.

Kifua kinanibana kuliko nilivyokuambia. Kila jioni Mama Bhoke anakuja nimfundishe kufunga mkanda, ili zamu yangu ikifika nisiende kama mama. Tunatumia kamba ya ndama. Fundo la mbele amelipata. La nyuma bado linamshinda.

"Usife kabla sijaliweza," ananiambia.

Najitahidi.

Nisalimie mkwe wangu, shangazi yako mshona nguo, na wajukuu. Mkanda wa mama nimeukunja chini ya taa ninayomwashia kila usiku. Njoo uupokee mkononi mwangu ningali hai.

Baba yako,
Rustam