Okidi ya Mzee Alwyn Imo Ndani ya Kamusi Yangu

Shangazi Rhonda, tafadhali nisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nina miaka kumi na minane, shule nilimaliza mwaka jana, na nina haya sana, hata kununua mkate nafanya mazoezi ya maneno njiani, kwa hiyo nilijiunga na chama cha wapenda mimea na ndege hapa mjini kwa sababu ukiwa umeinama kutafuta ua hakuna anayekutazama usoni. Aliyenifundisha kuangalia ni Mzee Alwyn, ambaye ameongoza matembezi yetu miaka ishirini na sita.

Wiki tatu zilizopita Mzee Alwyn alitangaza kwamba ameona okidi buibui ya kijani, ambayo haijaonekana huku kwetu tangu ule moto mkubwa, na ua lilikuwa bado halijafunguka kwa hiyo hakulipiga picha, anasema ua lililofumba ni kama mtu aliyelala, wala hakuweka kijiti cha alama, maana wezi wa maua hufuata vijiti. Jumamosi iliyofuata akatupeleka wote msituni, tukanywa chai kwanza kwenye gogo, nami hatua chache kutoka hapo nikaona uyoga mdogo wa rangi ya chungwa nikapiga magoti niupige picha, bila kuangalia chini kwanza, na kuangalia chini kabla ya kupiga magoti ndiyo sheria ya kwanza ya chama, imeandikwa mpaka kwenye vikombe.

“Haya, wanangu,” Mzee Alwyn akasema, “hatua kumi na mbili kutoka kwenye gogo. Polepole, kama mko kanisani.”

Tulitafuta saa nzima.

“Alwyn, kaka,” Bwana Desmond akasema, “una hakika hukuona buibui mwenyewe?”

“Nimeona ua, Desmond.”

“Hata mimi niliwahi kuona simba hapa. Nilikuwa sijavaa miwani.”

Watu wakacheka mpaka Bibi Noreen, mwenyekiti wetu, akapaliwa na keki ya nazi.

Nilipovua suruali nyumbani niifue, Shangazi, kwenye goti la kushoto lilikuwa limenata ua la kijani lenye mstari mwekundu, limelala bapa kama stempu. Nimelilinganisha na kitabu mara tatu. Ndilo. Nililiweka ndani ya kamusi na sijalala vizuri tangu siku hiyo, kwa sababu mkutano ni Alhamisi hii na Bwana Desmond anataka Mzee Alwyn aachishwe uongozi kwa ajili ya macho, na juzi mzee alimpigia mama simu akasema, “Mwambie binti aje achukue vitabu vyangu vya maua, mimi macho yamekwisha,” yaani hata yeye ameanza kuamini. Nikisema watanifukuza, na sina kwingine pa kwenda Jumamosi. Je, niandike barua bila jina? Au nilipande tena? Naomba usitaje jina langu.

Mpiga Magoti

*

Mwanangu, jina nimelificha, lakini chama chenu kina watu kumi na tisa na aliye chini ya miaka sitini ni wewe peke yako. Gazeti hutoka Jumatano. Una saa chache kabla mji haujafika ukurasa huu.

Kulipanda tena? Ua lililokauka ndani ya kamusi? Binti, na vitabu vyote hivyo unavyosoma! Sikiliza: okidi hizi zina kiazi chini ya udongo, na ua likivunjika kiazi kwa kawaida hubaki. Mwakani huenda kikachipua. Kuliponda ilikuwa ajali. Kukaa kimya wiki mbili huku mzee wa watu anagawa vitabu vyake, hiyo si haya tena, ni woga uliovaa nguo za haya. Nami naujua, unadhani kwa nini nilichagua kazi ya kujibu barua badala ya kupokea simu?

Barua bila jina usiandike. Nenda kwa Mzee Alwyn leo. Usiende kwa Bibi Noreen, na kwa Desmond usikaribie kabisa. Hotuba usiandae, itakukwama kooni. Weka kamusi mezani, ifungue, mpe kioo cha kukuzia, kisha nyamaza mpaka amalize kutazama. Akikugombeza, gombezeka. Vitabu vyake usichukue hata kimoja.

Alhamisi keti karibu naye, ua lipitishwe mkono kwa mkono. Bwana Desmond akiuliza limepatikana wapi, simama useme maneno mawili tu: “Gotini kwangu.” Kufukuzwa hufukuzwi, chama cha wazee hakimfukuzi mwanachama pekee anayeweza kuinuka bila kushikwa mkono. Lakini kuchekwa utachekwa, tena sana. Kicheko hicho ni chako, na wiki mbili sasa anakibeba mtu asiye na kosa. Nenda ukampokee mzigo.