Maandishi Pembeni mwa Bodi

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mama anauliza kama unakula au unadanganya tumbo kwa chai.

Habari kubwa ni kwamba Baba ametengeneza tangi jipya la dawa inayokula shaba ya bodi za redio, ibaki njia za umeme tu. Lile mlilounda naye, lililovuja likachafua sakafu nzima, amelistaafisha. Hili ni la vioo, jembamba na refu, bodi inasimama wima ndani ya dawa. Chini amelaza bomba la mpira alilotoboa kwa sindano, linalopulizwa na pampu ya hewa ya tangi la samaki, ili mapovu yakoroge dawa shaba ilike upesi. Mama alisema ameona watu wakifuga samaki, hajaona wanaofuga tindikali. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Vidole vyangu vimerudi kuwa vya kahawia, kwa hiyo lile jina ulilonipa bado ni langu.

Nilishangaa tu namna alivyofanya kazi. Gundi aliipaka kwa kidole, akipapasa kila kona. Akaniambia tangi zuri halitazamwi, linasikilizwa; mapovu yakilia sawasawa, shaba nayo inalika sawasawa. Nikadhani ni maringo ya fundi redio mzee.

Bodi ya kwanza ilikuwa ya redio yako, anayotaka uikute ikiimba siku utakayorudi. Unaijua desturi yake: pembeni mwa kila bodi huweka maneno BABA NA MWANA, na mchoro huchapwa kinyume, ili karatasi ikipigwa pasi juu ya shaba maandishi yakae sawa. Yakisomeka, bodi ni nzima. Safari hii alipiga pasi karatasi isiyogeuzwa. Niligundua nilipoitoa bodi kwenye dawa na kuisuuza: herufi zote zimetazama nyuma. Nikampa kimya, nikingoja ajicheke. Akaisogeza dirishani, akaigeuzageuza, akasema kazi safi, maandishi yanasomeka kama gazeti.

Kaka, sikuthubutu kumsahihisha. Nikamjibu ndiyo Baba, yanasomeka.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile picha yako ya mwisho. Aliwaonyesha majirani, akisifu ulivyonenepa, nayo ameishika miguu juu kichwa chini. Nilidhani ni furaha imemzidi.

Jana nilimuuliza waziwazi. Akasema haoni tena, hata dirisha kwake ni ukungu tu, na daktari wa macho alishamwambia hakuna la kufanya. Mama hajui. Akaniapisha nisikuandikie, maana utaacha kazi yako uje kumtazama mtu asiyeweza kukutazama. Nimevunja kiapo, na akinikasirikia nitavumilia.

Redio itaimba. Vipuri nitavichomea upande wa shaba badala ya upande wa pili uliozoeleka, na bodi iliyogeuka itafanya kazi kama nyingine. Hilo naliweza. Lakini kila jioni anakaa karibu na tangi tupu, anawasha pampu, anasikiliza hewa ikipita. Nikimuuliza anafanya nini, anasema analijaribu tu, wewe ukija lisije likamwaibisha mbele yako.

Mama anakusalimu, na Baba, ambaye hajui ninachoandika, anasema upige picha nyingine umtumie.

Usitume picha, Kaka. Njoo mwenyewe, akushike uso.

Mdogo wako akupendaye,
Madoa