Ndiva Iliyo Juu ya Nyumba Yetu

Morogoro, 11 Aprili 2024

Shikamoo baba. Mama kifua kimepoa? Mimi mzima, ila usingizi sina.

Namba za unyevu unazonisomea kwenye vile vipimo tulivyochimbia Krismasi nimeziingiza kwenye kompyuta ya chuo, inayokadiria maji yanavyotembea ardhini. Nimeogopa. Udongo wa pale si wa aina moja: huku changarawe, kule mfinyanzi, kwingine bado kukavu. Ndiva inavuja, maji ya bwawa yanatoroka kwa chini. Maji yanapenya kwenye changarawe, yanatuama juu ya mfinyanzi, nyuma ya nyumba yenu hasa. Mvua zikiendelea, mteremko unaweza kuporomoka. Wewe ndiye mwenyekiti wa ndiva, baba. Ifungueni ibaki wazi mpaka masika yaishe.

Mwanao, Asteria

Nyumbani, 13 Aprili

Marahaba mwanangu. Mama yako anakohoa, lakini kunisema hajapunguza.

Unaloniomba ni zito. Ndiva hii tumeifukua juzi juzi kwa msaragambo, kijiji kizima na majembe begani. Maharage ya kiangazi yote yanaitegemea, na mvua zikipita chemchemi haiwezi kuijaza. Niwaambie nini watu, kwamba binti yangu ameota na kompyuta? Ukuta wa nyuma nimeushika, mkavu kabisa. Lala mwanangu.

Baba yako

Morogoro, 17 Aprili

Shikamoo baba. Ukuta kuwa mkavu hakunipi moyo, maji yanapita chini yake. Namba ya kipimo cha chini imeruka, umenitumia mwenyewe! Sikuombi kama msomi, nakulilia kama mtoto wako. Mtoe mama hapo.

Asteria

19 Aprili

Baba, simu haipatikani. Nijibu hata neno moja.

Mwanao

Nyumbani, 24 Aprili

Marahaba. Umeme ulikatika, simu ikazima. Tuko hai.

Ujumbe wako wa tarehe kumi na saba ulinikuta. Sikumwita mtu. Nilipanda kwenye mvua nikang'oa kizibo peke yangu, maji yakaishia korongoni. Mama yako nikampeleka kwa shangazi yako Eliaichi. Watu nimewaambia iachwe wazi, wamekubali kwa kununa.

Mlima haukuanguka.

Baba yako

Nyumbani, 20 Septemba

Hujambo mwanangu? Masomo yanaendaje? Sisi tumerudi kwetu, tunasukuma siku.

Maharage yamekauka yakiwa na maua. Uenyekiti wamenivua, wamempa Tumainieli. Kanisani benchi letu tunakaa mimi na mama yako tu. Sasa wanataka kuiziba ndiva ijae kwa vuli, na wameniita nijibu mbele ya watu: nisingeifungua, mlima ungeanguka? Niambie ukweli.

Baba yako

Morogoro, 22 Septemba

Shikamoo baba. Nimerudia hesabu mpaka macho yanauma. Nikisogeza kidogo tu kwenye kompyuta mahali changarawe inapoishia, mara mlima unaanguka, mara unasimama. Vipimo ni vichache, na katikati yake kuna nini sijui.

Sijui, baba. Nilitamani kukuandikia ndiyo. Nisamehe. Ila msiizibe, naogopa bado.

Mwanao, Asteria

Nyumbani, 9 Novemba

Marahaba mwanangu, na usinikasirikie kwa kukaa kimya.

Niliwasomea barua yako yote. Nilipofika kwenye lile neno "sijui", hawakusikia tena lililofuata. Baragumu la msaragambo likapigwa, wakapanda na majembe. Nami nilipanda, mwanangu. Nimeziba pamoja nao kwa mikono yangu, kwa sababu nilichoka kuwa peke yangu.

Ndiva imejaa. Mvua haijakatika tangu Jumatatu, na ninaogopa kuliko ile Aprili. Nimemwambia mama yako twende kwa Eliaichi. Amekataa. Anasema watu ndiyo kwanza wameanza kumsalimia.

Baba yako